Mwaka Bunduki Zetu Zilipofupishwa

Vijana wa ghala la silaha mmeniomba niandike. Mnasema ni kwa faida ya watakaokuja, ila mimi nadhani mmechoka kunipigia simu kila bunduki inapokohoa, maana huku Bagara nikishika jembe simu huwa siisikii. Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa kufika na mishahara iliwahi kuondoka, na sijaona fundi aliyejifunza lolote kwa hayo mawili. Nitaandika habari za vyuma na za watu walioshika vyuma hivyo.

Nilifika kituoni Babati nikiwa msichana niliyetoka chuo cha ufundi, najua kukereza vyuma na kuchomelea, najua pia kujibu watu waliokuwa wakiuliza fundi yuko wapi huku wananitazama. Wakati huo lami ya kwenda Arusha ilikuwa bado habari ya redioni. Nilidhani nitatengeneza magari ya doria. Mkuu wa wakati huo akanitazama, akatazama karakana ya magari ambako mafundi walikuwa wamelala chini ya kivuli cha lori, akasema, "Wewe nenda kwa Mzee Hando. Kule angalau kuna kazi."

Mzee Hando alikuwa fundi wa silaha wa askari wa wanyamapori. Alikuwa Mwiraqw kama mimi, ametoka Mbulu, aliwahi kuwa jeshini, mwili mdogo, masikio makubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho.

"Umewahi kushika bunduki?"

"Hapana, Mzee."

"Vizuri. Hakuna cha kukusahaulisha."

Akaweka bunduki mezani. "Ina risasi au haina?"

Niliiangalia. Magazini, kile kisanduku cha risasi, ilikuwa imechomolewa, imewekwa pembeni. "Haina," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefaulu chuo.

Akavuta bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, na risasi ikaruka kutoka ndani, ikagonga meza, ikaviringika hadi mbele yangu. "Magazini haipo, risasi ipo," alisema. "Ungeshaniua, na jioni nina ng'ombe wa kukamua."

Baadaye niligundua kwamba risasi ile ilikuwa ya bandia, ameitoboa mwenyewe, na kila mgeni alifanyiwa mchezo uleule. Haikunipunguzia kitu. Tangu siku ile sijawahi kushika silaha bila kufanya mambo matatu: fungua, tazama, ingiza kidole. Mpaka leo nikifunua sufuria jikoni kwa mtu inabidi nijizuie.

Vifaa vyake vilikuwa vichache na hakuna aliyeruhusiwa kuviazima. Jiriwa, kile chuma cha kubania kazi mezani, aliivisha meno yake ngozi ya kiatu cha zamani ili isichubue chuma. Nyundo ilikuwa ya mti wa mzeituni wa porini, ameichonga mwenyewe. Vitambaa vya kufutia vilikuwa vipande vya kanga ya pamba iliyochakaa, kwa sababu kanga mpya hainyonyi mafuta. Mama wa nyumbani kwake, Mama Bura, alilalamika kwa miaka kwamba mumewe anamwombea kanga zake zizeeke haraka.

Niwakumbushe pia jinsi bunduki inayojipakia yenyewe inavyofanya kazi, maana mambo ya mbele yanategemea hapo. Mzee Hando alinifundisha kwa pampu ya baiskeli. Baruti ikilipuka inakuwa gesi, na gesi inaisukuma risasi kwenye mtutu. Njiani, juu ya mtutu, kuna tundu dogo. Risasi ikishalipita tundu hilo, sehemu ya gesi inachepuka, inaingia pale, na kusukuma pistoni kurudi nyuma. Pistoni inasukuma bolti. Bolti inachomoa ganda lililotumika, inalirusha nje, kisha springi inairudisha mbele ikiwa imebeba risasi mpya. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. "Ni pampu ya baiskeli," Mzee alisema, "ila hapa tairi ndilo linalompiga teke mwenye pampu."

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kujifunza kwamba bunduki nyingi haziharibiki, zinaharibiwa. Niliwahi kuletewa moja ambayo mtutu wake ulikuwa haupitishi mwanga, na nilipoisukuma kwa ufito akatoka nyigu mwenye hasira na nyumba yake ya udongo. Yule askari aliitegemeza mlangoni likizo nzima. Mwingine alipaka yake mafuta ya alizeti, akiona hayana tofauti na ya kwetu kwa rangi. Kwa wiki moja ilinukia vizuri sana. Wiki ya pili ikawa imeganda kama kashata na ikabidi niichemshe. Kuna aliyeitumia kubebea ndoo mbili za maji kama mzega. Nilipomuuliza kwa nini mtutu umepinda, alinijibu kwamba ndoo moja ilikuwa imejaa zaidi.

Hakuwa hivyo Saibulu. Huyu ndiye mtu ninayetaka mumfahamu. Alikuwa Mmasai kutoka Simanjiro, mrefu mpaka mlango wa ghala ulimfundisha adabu, na alikuwa amekulia machungani. Bunduki yake aliiita ndama. Aliifuta kila jioni kama wengine wanavyopiga mswaki, na alipoirudisha ghalani sikuwa na la kufanya ila kuikagua na kumtania.

"Saibulu, utanikosesha kazi."

"Mama Neema, wewe kaa na wale wa alizeti. Wanatosha."

Mzee Hando alistaafu, akaenda shambani kwake Mutuka. Aliniachia jiriwa na nyundo, akaondoka na zile kanga, nadhani ili arudishe amani nyumbani. Nikabaki mimi na ghala.

Sasa nije kwenye mitutu. Bunduki zetu zilikuwa ndefu. Ukiwa umesimama uwandani ni jambo zuri, lakini askari wetu walishinda ndani ya pikapu na kwenye vichaka vya miiba, na mtutu mrefu unakamata kila kitu: mlango, tawi, mkanda wa jirani. Mkuu wa kituo alikuwa Afande Lyimo, mtu mwema asiye na subira. Siku moja alishuka garini kwa haraka, mtutu ukakwama kwenye fremu ya mlango, kitako kikamrudia mdomoni, na jino la mbele likavunjika kona. Tangu hapo suala la urefu wa bunduki lilipata msimamizi.

Karakana kuu ilikubali kufanya majaribio. Bunduki zetu chache zilipelekwa huko zikakatwe mitutu mbele, chini ya Injinia Aneth, dada mmoja mtulivu aliyekuwa akisimamia silaha za kanda nzima. Zilirudi zimependeza. Mkato ulikuwa umenyooka, mdomo wa mtutu umesawazishwa vizuri, na wepesi wake ulikuwa raha mkononi. Nilizipeleka uwanja wa shabaha, nikazifyatua zote, zikaitika moja baada ya nyingine bila kusita. Askari waligombea. Afande Lyimo aliingia na kutoka kwenye gari mara kadhaa akiwa na moja begani, bila sababu yoyote ila kufurahi. Saibulu naye alipewa yake, akaniambia ndama amenyolewa.

Msimu wa mavuno ulifika, na tembo wakaja kama wanavyokuja kila mwaka, wakifuata mahindi. Asubuhi moja ya baridi, jua limeshachomoza, kituo kilipata taarifa kwamba kundi limebaki shambani Sigino na haliondoki. Walikwenda Saibulu na dereva wake, kijana mmoja anaitwa Elibariki. Shamba lilikuwa la mjane anayeitwa Mama Dorkasi. Alikuwa nje na debe analipiga kwa mti, na tembo wanamtazama kama watu wanavyotazama muziki wasioupenda.

Saibulu alifanya kama alivyozoea. Alishuka, akasogea hadi pale palipomruhusu kuonekana, akafyatua risasi ya kwanza hewani. Tembo wadogo waligeuka. Jike moja kubwa lenye ndama halikugeuka. Lilitandaza masikio. Hapo desturi ni kufyatua ya pili mara moja, maana mlio mmoja tembo anaweza kuudharau, ila ikifuata ya pili papo hapo huwa anaamua kwamba mambo ni ya kweli. Saibulu akavuta kifyatulio, pakawa kimya. Akavuta mkono wa bolti kuifungua. Ikagoma nusu ya njia. Alipoinua macho, jike lilikuwa limeshaanza kuja.

Alikimbia kuelekea korongo. Alipofika ukingoni tembo alimfikia, akampiga kwa mkonga, akamtupa chini korongoni. Paja likavunjika, na mfupa wa bega pia. Tembo alisimama ukingoni akitafuta njia ya kushuka. Elibariki, ambaye mpaka siku ile sikumjua kwa ushujaa wowote zaidi ya kula ugali, alikanyaga mafuta, akaliingiza gari mahindini akiwa amelala juu ya honi, akapita kati ya tembo na korongo. Tembo alilitazama lile gari linalolia, akarudi kwa ndama wake, wakaondoka.

"Namshukuru Mungu," Mama Dorkasi alituambia baadaye, "lakini gari lenu limelaza mahindi yangu kuliko tembo."

Saibulu alilazwa hospitali. Bunduki ikaletwa kwangu, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Elibariki, kwa nia njema, alikuwa ameihangaikia njiani mpaka ikafunguka, akatoa ganda, akatoa risasi, akaifuta vumbi lote. Alifanya kama nilivyowafundisha. Nilipoipokea ilikuwa safi kama ya kupigia picha. Nikaipeleka uwanjani mbele ya kamati iliyokuja kuchunguza, nikafyatua magazini nzima. Haikusita hata mara moja.

Watu wa kamati walitazamana. Mmoja wao akasema taratibu, bila ubaya, "Basi bunduki ni nzima. Askari hakuisafisha."

Mnajua maana ya neno hilo kwetu. Aliyeumia kazini anatunzwa na kuheshimiwa, lakini aliyeumia kwa uzembe wake anaondolewa kazini. Saibulu angerudi Simanjiro na mguu wa chuma ndani na jina la mzembe nje, yeye aliyefuta bunduki kuliko sisi sote. Nilisema pale pale kwamba namfahamu na haiwezekani. Wakanijibu kwamba kumfahamu mtu si ushahidi. Walikuwa sahihi, na jambo hilo liliniudhi zaidi.

Nikaenda hospitali. Nilimkuta mguu umening'inizwa, kitanda kifupi kwake, nyayo zimetokeza nje. Nilitarajia hasira. Yeye alinikaribisha kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Mama Neema, karibu. Kuna kiti, ila kina mguu mbovu kama mimi."

Nikakaa kwa tahadhari. Nikamwambia wanachosema. Uso ukabadilika, akauliza, "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka uniambie ulichokiona. Usiruke kitu."

Alifumba macho. "Nilipiga ya kwanza. Kwa kawaida ganda linaruka mbali, huku kulia, hata ukilitafuta hulioni. Siku ile sikuona likiruka. Nilipovuta ya pili ikakataa, nikatazama, ganda limesimama pale juu, kwenye mlango wa kutokea maganda, limebanwa, kama kijiti cha meno mdomoni mwa mtu." Akafumbua macho. "Na teke lake lilikuwa dogo. Nimeipiga miaka, najua teke lake. Lilikuwa la mtoto."

Nilitoka pale na kitu cha kufikiria. Ganda lililobanwa mlangoni ni bolti iliyorudi nyuma kwa uvivu, haikupata nguvu ya kulitupa. Lakini kwa nini iwe mvivu Sigino na hodari uwanjani kwangu? Nikakodi bodaboda, nikaenda Mutuka kwa Mzee Hando.

Nitasema ukweli, Mzee hakunisaidia. Alisikiliza mpaka mwisho akimenya viazi, akasema, "Mimi sijawahi kukata mtutu. Nimekata miti tu. Sijui." Akaniuliza hali ya jiriwa. Lakini Mama Bura alipotoka jikoni na kuniona, alisimama na mwiko mkononi.

"We Mama Neema! Umetoka mjini au umechimbuliwa?"

Nilijitazama. Vumbi la njia ya Mutuka lilikuwa limenipaka kuanzia kope hadi viatu. Nilipokunjua mkono, ulisaga kwenye kiwiko kama una mchanga. Mama Bura alianza kunipiga kwa upande wa kanga, vumbi likipanda, nami nikasimama pale nikimwacha anipige, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Uwanjani sikuwahi kupeleka bunduki iliyosafiri. Niliitoa kabatini, nimeipaka mafuta, nikatembea nayo hatua chache, nikaifyatua wakati jua limepanda, kwa risasi mpya. Saibulu alikuwa ameisafisha jioni yake kama kawaida, kisha asubuhi akakaa nayo nyuma ya pikapu kwenye njia ya Sigino, ina risasi za zamani za doria.

Nilimpigia simu Injinia Aneth. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, kwa kuwa hakuna anayependa kuambiwa kazi yake imemvunja mtu paja. Yeye akasema, "Nisubiri. Nakuja mwenyewe." Kesho yake alikuwa ghalani kwangu, ameketi chini kwenye sakafu, vipande vya bunduki fupi na ndefu vimepangwa mbele yake juu ya kanga.

"Tazama," aliniambia. "Tundu la gesi liko palepale, hatukuligusa. Lakini risasi ikishalipita tundu, inabaki na safari mpaka mdomoni. Muda wote wa safari hiyo mtutu umezibwa mbele, gesi imefungiwa, inasukuma pistoni. Risasi ikitoka tu, gesi yote inakimbilia nje. Sisi tumekata kipande cha mbele. Maana yake tumekata muda wa kusukuma."

"Kama watu wanaosukuma gari bovu," nikasema, "wakaachia kabla halijashika kasi."

"Hivyohivyo. Likiwa jepesi na barabara imeteremka, litawaka. Likiwa kwenye mchanga, haliwaki." Alishika pistoni, akaisukuma kwa kidole. "Ikiwa safi, nguvu iliyobaki inatosha. Inatosha tu, haina akiba. Ongeza vumbi, ongeza mafuta yaliyoshikana kwa baridi, ongeza risasi za zamani, basi. Niliipima ikiwa safi, Mama Neema. Hilo litanikaa."

Nilimuuliza kama tundu linaweza kupanuliwa ili gesi iongezeke. Akatikisa kichwa. Alisema unaweza kuipa nguvu siku ya vumbi, kisha siku ya jua kali na risasi moto ikajipiga teke mpaka ivunjike, na wa kuvunjikiwa ni askari. Watu waliounda bunduki ile waliweka urefu, tundu, pistoni na springi vikubaliane. Sisi tulimgusa mmoja na kutarajia wengine wasijue.

Kilichobaki ni kuwaonyesha wenye uamuzi. Kamati ilirudi. Asubuhi ya baridi, mbele yao, nilisafisha bunduki mbili, fupi ya Saibulu na ndefu moja ambayo haikukatwa. Nikazipaka mafuta yaleyale, nikazipakia risasi kutoka sanduku lilelile la doria. Tukaziweka nyuma ya pikapu zote mbili upande kwa upande, na Elibariki akatupeleka Sigino na kuturudisha kwa njia ya mashambani. Mjumbe mmoja wa kamati alikaa nyuma nazo ili pasiwe na maneno. Aliporudi ilibidi anyunyiziwe maji ndipo tujue ni nani.

Askari mmoja akafyatua ndefu. Ilikuwa na vumbi mpaka kwenye kitako, lakini ilitapika maganda kulia moja baada ya jingine, mbali, mpaka magazini ikaisha. Kisha Afande Lyimo akanyoosha mkono. "Hiyo fupi nipe mimi."

Alisimama vizuri, akalenga juu ya tuta. Ya kwanza ikalia, na ganda likaanguka karibu na kiatu chake. Ya pili ikalia. Akavuta ya tatu, kimya. Aliishusha akaitazama. Ganda lilikuwa limesimama mlangoni, limebanwa, kama Saibulu alivyosema. Tuliisafirisha fupi nyingine kwa njia ileile, ikafanya vilevile kwa namna yake. Nilimwona Afande Lyimo akiinua macho kutoka kwenye bunduki na kutazama mbele, pale penye tuta, kwa muda mrefu kuliko tuta linavyostahili.

Jioni hiyo alikwenda hospitali, nami nikafuatana naye. Nimemfahamu Afande Lyimo miaka mingi na sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi, hata aliyemkanyaga. Alisimama kando ya kitanda, akavua kofia.

"Imekwama mkononi mwangu pia," alisema.

Saibulu alimtazama. "Ulikimbia, Afande?"

"Hapakuwa na tembo."

"Basi hujaijaribu sawasawa."

Afande Lyimo alicheka mpaka lile jino la kona likaonekana, kisha akageuka dirishani na kujishughulisha na pazia. Kamati iliandika kwamba askari hakuwa na kosa. Saibulu alipoambiwa aliomba asomewe tena, polepole.

Bunduki fupi zote zilirudishwa karakana kuu, zikafungwa mitutu mipya ya urefu wake wa asili. Injinia Aneth alizileta mwenyewe, na safari hii tulizijaribu baada ya kuzunguka nazo Sigino, Mutuka na kila mahali penye vumbi, mpaka Elibariki akauliza kama tunatafuta kununua shamba. Ndiyo sababu mpaka leo ghala lenu lina utaratibu wa kujaribu silaha iliyotoka matengenezo ikiwa imesafiri. Mkiona ni usumbufu, sasa mnajua ulikotoka.

Na lile tatizo la mlango wa gari? Lilikuwa tatizo la gari tangu mwanzo. Nilichomelea vishikio vya bomba nyuma ya kiti cha pikapu, nikavivisha mpira wa tairi, bunduki zikasimama wima, midomo juu, hazimgusi mtu. Ilikuwa kazi ya kabla ya chakula cha mchana. Afande Lyimo alipoiona alipapasa jino lake.

Saibulu alirudi msimu wa mavuno uliofuata, anachechemea kidogo, amenenepa kwa chakula cha kukaa. Walimpa kazi ya geti. Aliifanya siku chache, akaja dirishani kwangu. Taarifa ilikuwa imefika kwamba tembo wako kwa Mama Dorkasi.

"Nimeomba ruhusa kwa Afande, amenikubalia. Nipe ndama."

Nilimpa. Akafungua, akatazama, akaingiza kidole. Kisha hakuondoka.

"Na wewe unakuja."

"Mimi? Mimi ni wa ghalani, Saibulu."

"Ndiyo. Mnaikata huku, mnaiunga huku. Leo uje uisikie kule."

Nikapanda gari. Miaka yote ile ya kazi sikuwahi kusimama na askari mbele ya tembo. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Tulifika jua limeshapanda juu ya mlima Kwaraa. Mahindi yalikuwa makavu, yanachakacha, na kati yao migongo ya kijivu ilikuwa ikienda polepole kama mawe yanayotembea. Mama Dorkasi alikuwa na debe lake. Elibariki alibaki kwenye usukani, injini inaunguruma, safari hii amegeuza gari upande ambao halitalaza mahindi.

Saibulu alichechemea mbele hadi pale pa kuonekana. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilijua kila springi iliyokuwa ndani ya ile bunduki, nilikuwa nimeishika yote kwa mikono yangu, na bado nilikuwa nikihesabu hatua za kurudi garini. Jike lilelile liligeuka, likatandaza masikio. Ndama wake, sasa mkubwa, alikuwa pembeni.

Saibulu akainua, akafyatua. Mlio ukaenda hadi mlimani ukarudi. Sikutazama tembo. Nilitazama upande wa kulia na nikaona kitu cha shaba kikimetameta hewani, juu, mbali, kikaangukia mahindini. Kabla hakijatua, ya pili ikalia.

Jike lilisimama. Likatikisa kichwa, masikio yakapiga kama shuka linalokung'utwa, kisha likageuka, ndama nyuma yake na kundi lote nyuma yao, wakaelekea bondeni bila haraka, kama walikuwa wanaondoka tu hata hivyo.

Saibulu alibaki amesimama vilevile, mgongo umenyooka, hajageuka.

"Umesikia, Mama Neema?"

"Nimesikia."

Akafunga usalama wa bunduki, akatoa magazini, akatoa risasi iliyobaki ndani, akaniwekea mkononi bunduki tupu ikiwa bado ya moto.

"Basi nishikie," alisema. "Nataka kukaa chini. Miguu yote miwili imekataa."

Akakaa palepale kwenye mahindi. Na mimi, kwa kuwa yangu ilikuwa imekataa zamani, nikakaa karibu naye. Tulikaa hivyo mpaka Mama Dorkasi akaja kutuuliza kama tunajua tumekalia mavuno ya nani.